Jani Lililojikunja

Msomaji wangu, mwaka 2022, mvua ya masika ilipokuwa haba hapa Samburu, nilimcheka nyanya yangu, na kicheko kile hakijanitoka moyoni. Tulisimama kondeni adhuhuri. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja kama mikeka. Nyanya akasema kwamba mizizi imekwisha yapasha majani habari ya ukame. Mimi, mwalimu mwenye cheti cha chuo, nilimjibu kwamba mmea hauna ulimi.

Baadaye nilisoma nikatahayari. Mmea ukiona kiu hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Homoni hiyo hufunga vitundu vya jani, stomata, ili maji yasipotee; na mizizi iliyo katika udongo mkavu huweza kupeleka habari hata kabla jani halijanyauka.

Utauliza, kitu kinachohesabiwa kwa sehemu za bilioni ya gramu hupimwaje? Huazimwa kinga ya sungura. Homoni peke yake ni ndogo mno, mwili wa sungura haushughuliki nayo. Basi hufungamanishwa na protini kubwa, ndipo sungura adungwapo, na damu yake hutoa kingamwili ziwezazo kuishika. Yalow na Berson wa New York walitumia kingamwili kupima insulini mwaka 1960. Mwaka 1971 Engvall na Perlmann wa Sweden wakaleta kimeng'enya kitoacho rangi. Homoni ya jani na homoni iliyotiwa kimeng'enya hugombea kingamwili zile zile, kama abiria wagombeavyo viti vya matatu. Kwa hiyo rangi ikififia, homoni ya jani ni nyingi. Wanafunzi wangu, waliozoea kipimo cha malaria ambacho mstari huleta habari mbaya, hawakukubali upesi.

Lakini liko jambo gumu zaidi. Jani lililokatwa likiachwa linyauke huendelea kutengeneza homoni, na kipimo kitasimulia kiu ya njiani badala ya kiu ya kondeni. Hugandishwa papo hapo. Na shule yangu, nakiri, haina hata friji.

Nilimwendea nyanya, nikamwomba radhi, nikamweleza yote. Alinisikiliza hata mwisho, akachambua kunde zake kitambo, kisha akaniuliza, "Na huyo sungura, mjukuu wangu, alilipwa nini?"