Rangi ya Shanga, Rangi ya Betri

Hapa Tabora mafundi wakikaa chini ya mwembe kubishana juu ya drili za betri, utadhani ni Simba na Yanga. Huyu ni wa DeWalt, ya njano. Yule anaapa kwa Makita. Wa tatu anasema Ingco inamtosha, maana bei yake mtu wa kawaida anaifikia. Mimi nilitega sikio, kwa sababu mama alikuwa amenikabidhi fedha zake za asali ya msimu mzima ninunue drili ya kutengenezea nyumba: milango imelegea, jikoni hakuna rafu. Fedha ya mama haichezewi, bwana.

Kila muuzaji alinisifia mashine. Hakuna aliyenisifia betri, na kumbe betri ndiyo roho ya mashine. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye drili ya kampuni nyingine. Hata ndani ya Bosch peke yake, betri ya volti 18 ya zana za kijani, za watu wa nyumbani, haikai kwenye zana za bluu za mafundi. Ukichagua rangi umeoa ukoo mzima: kesho msumeno, keshokutwa randa, vyote vinataka betri ile ile. Ikifa nawe huna pa kupata nyingine, drili inabaki pambo la kabatini.

Mji huu unalijua jambo hilo tangu zamani. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, na njiani chakula kilinunuliwa kwa vitambaa na shanga. Stanley, aliyefika mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika kwamba Wanyamwezi walitaka shanga nyekundu; nyeusi zilipokelewa Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa huko mbele ulikuwa umebeba njaa. Uzuri wa shanga haukuwa hoja. Hoja ilikuwa: huko niendako, nani ataipokea?

Basi nami nikabadili maswali. Nguvu niliipa nafasi yake, maana mninga unakula chaji na ukuta wa tofali la kuchoma unataka drili inayogonga huku ikizunguka. Lakini sikubabaishwa na 20V dhidi ya 18V. Ndani mna seli tano za lithiamu zilizofuatana, kila moja volti 3.6, jumla 18; hiyo 20 ni kipimo cha betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi. Cha kutazama ni Ah, ndilo debe lenyewe: volti zikiwa sawa, betri ya 4 inabeba mara mbili ya ile ya 2.

Kisha nikazunguka mtaani kwetu kuhesabu betri. Nikachukua rangi waliyonayo mafundi wawili wa jirani. Umeme ukikatika na yangu imekwisha, naazima; yao ikikwisha, wanaazima kwangu. Jina silitaji, kwani mtaani kwako hesabu inaweza kuja nyingine kabisa.

Kijana mwenzangu, tangazo la dukani halitakuazima betri saa mbili usiku, mlango ukiwa umening'inia kwenye bawaba moja. Jirani ataweza. Kabla hujatoa noti, kamuulize anatumia rangi gani.