Mvumo, Mtetemo na Herufi H

Kelele ni neno pana mno kwa fundi, na kwa mwalimu wa sarufi pia. Kompyuta ya mezani tuliyoitumia Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ilikuwa na sauti tatu zilizochanganyika: mvumo wa feni, mtetemo wa kasha la bati na mlio mwembamba wa diski. Nomino hizo zimenyambuliwa kutokana na vitenzi -vuma, -tetema na -lia, zote zikaingia ngeli ya M-MI. Tuligundua kwamba kila moja ilidai tiba yake.

Tulikuwa tukirekodi wanafunzi wakisoma kwa sauti. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na darasani mwetu walikaa pamoja watoto wa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Wengi wa waliotoka Kongo husema apa pale Kiswahili sanifu kinapotaka hapa. Tuliposikiliza rekodi, hatukuweza kujua kama mtoto ameidondosha h au feni imeimeza. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa soka na shoka. Vikwamizi ni hewa inayopita kwa kukwaruza, na feni nayo hukwaruza hewa. Kumnyima mtoto alama kwa kosa la feni ni dhuluma. Kwa hiyo alama za matamshi tuliziacha wazi.

Wenzetu walipendekeza tuinyamazishe kompyuta kwa sponji. Kitenzi hicho kinaahidi makuu. Kunyamazisha ni kufanya kitu kinyamaze kabisa, ilhali sponji hupunguza tu, tena kwa ubaguzi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Wimbi la mvumo mzito, lenye mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 3, nalo hupita katika sponji ya sentimita 2 kana kwamba haipo. Wimbi la mitetemo 4,000 lina urefu wa sentimita 8 na nusu hivi, na robo yake ni zile sentimita 2 za sponji. Hilo ndilo linalomezwa vizuri. Bahati ni kwamba mkwaruzo unaoficha s na sh upo huko juu.

Fundi wa redio mjini Mbarara alitupatia vipande vya sponji ya studio, akatukataza kutumia ya godoro kwa kuwa hushika moto upesi. Kabla ya kubandika chochote, tulipangusa vumbi jekundu lililoganda kwenye feni, tukaweka pete za mpira chini ya skrubu zake. Mtetemo wa bati ukaisha hapo. Kisha tukabandika sponji kwenye kuta mbili za ndani, mbali na kifaa cha umeme na matundu ya hewa. Sponji huzuia joto kutoka, na kompyuta ikipata joto feni hukimbia zaidi: utakuwa umelipia kelele mpya. Tulipima joto siku tatu mfululizo.

Lakini kwa maoni yetu, kilichosaidia zaidi hakikununuliwa. Tuliisogeza maikrofoni kutoka mita 1 hadi sentimita 25 mbele ya msomaji, na sauti yake ikapanda kwa desibeli zipatazo 12 dhidi ya mvumo uliobaki. (Mvua juu ya mabati haina dawa, siku hizo tulifundisha imla.)

Wanafunzi walisoma upya. Kwa wengi, h ilikuwepo tangu awali, nyepesi lakini dhahiri. Kwa watoto wanne haikuwepo. Mmoja wao, mzaliwa wa Bukavu, alisikiliza rekodi yake mara mbili, akasema, “Mwalimu, nyumbani sisi wote tunasema hivyo.” Tukaandika hapa na apa ubaoni, moja chini ya nyingine, tukamwomba atusomee zote mbili.