Siku Mbili Mjini Mwanza



Huenda una safari ya Mwanza. Labda unampeleka mgonjwa Bugando. Labda unafuata vipuri vya plau, au una mtoto anayesoma huko. Watu wengi wa vijijini hufika Mwanza, wakamaliza shughuli zao, wakarudi. Ukiwauliza wameona nini, watakutajia stendi na vumbi. Hiyo ni sawa na kwenda harusini ukarudi na njaa.

Leo twende pamoja. Tutakaa siku mbili tu. Huhitaji fedha nyingi. Chukua viatu vya kutembelea, fedha ya chakula na macho yako. Nauli ya kurudi ifunge peke yake, uiweke mbali na fedha nyingine. Na kwa kuwa sasa unajua kusoma, mjini yako maandishi ambayo hufai kuyapita hivi hivi. Nitakuonyesha machache.

Kama unatoka Geita au Sengerema, utaivuka Ghuba ya Mwanza kwa daraja. Zamani hapo Busisi tulikuwa tukingoja kivuko kutupeleka Kigongo, na siku mbaya tulingoja sana. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa tarehe 19 Juni, 2025. Urefu wake ni kilomita 3. Gari huvuka kwa dakika chache tu, basi tafuta kiti cha dirishani.

Ukishuka stendi ya Nyegezi, au ile ya Nyamhongolo kwa wanaotoka Magu na Musoma, panda daladala hadi katikati ya mji. Kitu cha kwanza utakachoona ni mawe. Mawe yako kila mahali. Yamepandana kama magunia ya pamba ghalani. Nyumba zimejengwa juu ya mawe, chini ya mawe na katikati ya mawe. Wataalamu wanasema mawe haya yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Hata babu wa babu zetu aliyakuta.

Teremka hadi ufukweni, karibu na kivuko cha Kamanga. Ndani ya maji utaona mawe marefu yamesimama, na moja limekaa juu kama mtu anayetaka kuanguka asianguke. Hilo ndilo Jiwe la Bismarck. Bismarck alikuwa waziri mkuu wa Ujerumani wakati Wajerumani walipoanza kuitawala nchi yetu. Yeye mwenyewe hakufika Afrika hata siku moja, lakini jiwe lina jina lake. Ziwa nalo ni hivyo hivyo. Mwingereza John Speke alifika hapa mwaka 1858 akaliita Victoria, jina la malkia wao. Watu aliowakuta walikuwa na jina lao tayari. Walikuwa wakiliita Nyanza.

Kaa hapo kidogo utazame maji. Ziwa hili ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Tunaligawana na Uganda na Kenya, na karibu nusu yake iko kwetu. Lakini usivue viatu ukaingia majini kunawa miguu, hata kama jua ni kali. Majini pembezoni kuna konokono wadogo, na kwao hutoka wadudu wa kichocho. Wadudu hao hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Kama umewahi kukanyaga maji hayo na sasa unakojoa damu, au choo kina damu, nenda zahanati. Dawa ipo.

Sasa njaa imekuja. Hapa tusiharakishe.

Mwanza ni mji wa samaki. Mgahawa mkubwa upo, na mama lishe yupo. Mimi napenda kwa mama lishe. Tafuta mahali penye watu wengi na maji ya kunawa. Mtazame mama anavyokaanga. Mafuta yawe moto kweli, na samaki awe na macho maangavu yanayong'aa kabla hajaingia chunguni. Msalimie, muulize ana nini leo. Atakutajia sato na sangara, pengine na dagaa.

Sato ni mtamu akiwa mzima. Hukatwa mistari ubavuni, akapakwa chumvi na ndimu, akakaangwa mpaka ngozi ikakauka. Huletwa na ugali, kachumbari ya nyanya na kitunguu, na pilipili pembeni. Waweza kumpata aliyechomwa juu ya mkaa pia. Kula kwa mkono, polepole, maana miiba ipo. Usiache kichwa. Wenyeji wanajua kwamba nyama tamu ya sato iko shavuni.

Sangara ni habari nyingine. Huyo si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa na kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kupita kilo 100, na anakula samaki wenzake. Wazee wa ufukweni watakuambia habari za furu, samaki wadogo waliokuwa wengi sana zamani. Leo aina nyingi za furu zimepungua au zimepotea, na sangara ana sehemu yake katika hasara hiyo. Lakini sangara huyo huyo amejenga viwanda Mwanza, na minofu yake huuzwa hadi Ulaya. Ni mgeni aliyekula vifaranga vya mwenyeji wake, kisha akamlipia ada ya shule. Wewe mhukumu mwenyewe.

Jambo moja usilisahau. Uliza bei kabla hujaagiza. Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Siku moja niliagiza sato mkubwa katika mgahawa fulani, nikala kwa furaha, nikaongeza soda. Nilipoambiwa bei, mate yalinikauka. Nilianza kulalamika kwamba nimeibiwa. Mhudumu hakubishana nami. Alinyoosha kidole ukutani, nyuma ya mgongo wangu. Bei zote zilikuwa zimeandikwa pale kwa herufi kubwa. Nilikuwa najua kusoma, ila sikugeuka. Nikalala kwa ndugu siku mbili zaidi, nikingoja kutumiwa nauli.

Jioni nenda Kirumba, kwenye soko la Mwaloni. Harufu itakupokea kabla ya watu. Hapo utaona magunia ya dagaa yamepangwa kama kuta, na wachukuzi wanapita mbio, hivyo simama pembeni. Dagaa hao hupakiwa kwenda mikoa mingine na hata nchi za jirani kama Kongo. Ukitaka kununua, shika wachache mkononi. Dagaa mzuri ni mkavu, anang'aa na hana mchanga. Aliyeanikwa chini mchangani utamjua kwa meno.

Kama hakuna mbalamwezi, kabla ya kulala tazama ziwani. Utaona taa nyingi kama mji mwingine juu ya maji. Hao ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo huvuliwa usiku wa giza.

Siku ya pili amka mapema uende Saanane. Hicho ni kisiwa kidogo karibu kabisa na mji. Boti huondoka upande wa Capri Point, na safari ni ya dakika chache. Kisiwa kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akilima na kuvua huko. Mwaka 1964 serikali ilifanya kisiwa hicho kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza hapa nchini. Tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Utawaona swala na tumbili, na pimbi juu ya mawe. Kenge na mamba wako majini na kando yake. Nami hufurahi kwamba mahali hapa jina lililobaki ni la mkulima.

Kabla hujakanyaga boti yoyote, hapo Saanane au penginepo, soma ubavuni mwake. Tafuta namba ya abiria wanaoruhusiwa. Kisha hesabu vichwa. Mwombe nahodha jaketi la kuokolea maisha, ulivae, ulifunge. Usione haya. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220.

Mchana panda daladala ya Kisesa, kwenye barabara ya Musoma. Njiani utapita Igoma. Kama una nafasi, shuka uingie katika makaburi ya watu wa MV Bukoba. Meli hiyo ilizama tarehe 21 Mei, 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza kutoka Bukoba. Mamia ya watu walikufa. Sina maneno mengi juu ya mahali hapo. Vua kofia, usome yaliyoandikwa.

Endelea hadi Kisesa. Kutoka hapo, Bujora si mbali, waweza kwenda kwa miguu. Bujora ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma. Ilianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na Wasukuma wenyewe. Kuna nyumba ya mtemi, ngoma kubwa za watemi, zana za kufulia chuma, na vifaa vya waganga. Utaelezwa habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani. Ukifika mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, utayaona mashindano yenyewe, na nyoka wakichezwa kama kamba.

Ukiwa Bujora, uliza kama karibu kuna anayeuza matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Vinaliwa vizuri na chai. Pengine nyumbani kwako unavyo ghalani, na mtoto wako anavikataa akitaka mkate. Mjini watu wanavinunua.

Rudi mjini kabla ya giza ukakate tiketi ya kesho. Isome palepale dirishani, usiondoke kwanza. Soma jina lako, tarehe, saa na namba ya kiti. Uliza kama saa iliyoandikwa ni ya asubuhi au ya usiku. Kisha wafunge dagaa wako vizuri, mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, wasije wakalinukisha basi zima mpaka nyumbani.