Nilifuta Tarehe

Niliiondoa safu ya tarehe kwa mkono wangu. Hakuna aliyenituma. Orodha ya huduma za mitaa yetu ya Nairobi, ambayo watu walikuwa wakiisoma kwenye simu kuanzia Kawangware hadi Kangemi, ilikuwa na safu ya mwisho iliyoonyesha kila taarifa ilithibitishwa lini na nani. Safu hiyo ilinikera. Tarehe nyingi zilikuwa za zamani, nikahofu kwamba watu wakiziona wataacha kuiamini orodha nzima. Nikaifuta, nikairudisha orodha mtandaoni ikiwa safi, nikapongezwa.

Kazi yenyewe ilianza kwa nia njema, na bado naiamini. Ukitafuta maktaba ya Kaunti ya Nairobi, unakwenda McMillan pale Banda Street, jengo lililofunguliwa mwaka 1931, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yote mawili upande wa Eastlands. Mtu wa huku kwetu Gatina hawezi kulipa nauli ya matatu namba 46 hadi mjini na kurudi ili tu aulize ofisi ya basari iko wapi. Kwa hiyo sisi tuliojitolea kwenye chumba kidogo cha vitabu hapa mtaani tukakusanya majibu ya maswali kama hayo: zahanati, chifu, basari, msaada wa kisheria. Tukayaweka mahali simu inapoweza kuyafikia.

Tatizo ni kwamba majibu ya Nairobi hayakai. Mwaka 2013 Dagoretti iligawanywa ikawa maeneo bunge mawili, Kaskazini na Kusini, na aliyezoea kuomba basari kwenye ofisi moja akalazimika kujua kwanza yuko upande gani. Mwaka 2020 huduma za afya za kaunti zilikabidhiwa Nairobi Metropolitan Services (NMS), na mwaka 2022 zikarudi kwa serikali ya kaunti, City Hall. Kisha, Oktoba 1, 2024, NHIF, bima ya taifa ya afya iliyokuwapo tangu 1966, ikaipisha SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye kadi ya zamani alitakiwa ajihakikishie kwamba amesajiliwa upya, kwa kubonyeza *147# au kupitia tovuti ya Afya Yangu. Aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3. Kuanzia ngazi ya 4, lazima awe amelipa mchango. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwanza, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima.

Miezi baada ya mabadiliko hayo, orodha yangu ilikuwa ingali ikisema hivi kuhusu hospitali moja: inapokea kadi ya NHIF. Pembeni hapakuwa na tarehe. Nilikuwa nimeifuta.

Mama mmoja wa Gatina, muuza mboga, aliisoma sentensi hiyo usiku ambao mwanawe alikuwa akijikunja kwa maumivu ya tumbo. Alikuwa na kadi yake. Alipofika, akaambiwa kadi hiyo haitumiki tena, jina lake halimo kwenye usajili mpya, na alipe pesa taslimu. Alizitoa pesa za kununulia mboga alfajiri ile, akawapigia majirani simu awakope zilizopungua. Mtoto alitibiwa, akapona. Deni lilibaki.

Alipokuja kuniuliza, nilimjibu kwamba serikali ndiyo iliyobadilisha mambo, na kwamba redio zilikuwa zimetangaza. Jibu hilo linaniaibisha kuliko hata kule kufuta. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Redio nilisikia, mwanangu. Ilisema hivi, nyinyi mkasema vile. Nikawaamini nyinyi kwa sababu mnatujua."

Sikuwa na neno. Alikuwa amepima ushahidi wote aliokuwa nao, na mimi ndiye niliyekuwa nimeuondoa ule mmoja ambao ungemwokoa. Angeona kwamba taarifa ile ilithibitishwa mara ya mwisho kabla ya NHIF kufungwa, angesita. Angempigia mtu simu, au angejisajili kabla ya kutoka nyumbani.

Pale McMillan kuna magazeti ya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Bei zilizomo zimepitwa, na ofisi nyingi zinazotajwa hazipo tena. Hata hivyo magazeti hayo hayajampoteza mtu, kwa kuwa tarehe iko juu ya kila ukurasa na msomaji anajua ameshika nini. Nimekaa kwenye meza zile mara nyingi nikiyasoma, na bado nikaja kuwanyima majirani zangu kitu hicho hicho.

Safu imerudi. Taarifa ambayo hakuna kati yetu aliyekwenda kuihakikisha kwa miguu au kwa simu tumeitoa, na orodha sasa ni fupi kiasi cha kuwaudhi baadhi ya wenzangu. Deni la mama yule ninalilipa kidogo kidogo. Mwanzoni alikataa, nikamsihi. Siku alipokubali aliniuliza, "Na wale wengine?"

Siwajui. Ile orodha isiyo na tarehe ilinakiliwa na kutumwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya makanisa, vyama na wazazi wa shule, Riruta, Waithaka, Kangemi, na siwezi kuirudisha. Kama unayo kwenye simu yako, ifute, na umwambie aliyekutumia aifute pia.