Mama Zetu Wako Wapi Katika Shajara?



Wanafunzi wapenzi, na wazazi mnaolisoma jarida hili pamoja na watoto wenu, mwaka huu nimeombwa niandike juu ya kuunga udugu. Hadithi za mlango huu mmeshazisikia chuoni, na wengine mmezihifadhi. Kwa hiyo nimeona niwaeleze habari za kikao cha ukoo wetu, kwani humo ndimo nilimoona kuunga udugu kukifanya kazi, na humo humo ndimo nilimoona pahala kunapokwama.

Kikao chetu hukutana Jumapili ya mwanzo ya kila mwezi, baada ya sala ya Alasiri, nyumbani kwa ami yangu mmoja hapa Mji Mkongwe, upande wa Malindi. Wanaume hukaa ukumbini, sisi wanawake hukaa chumba cha pili, na mlango huachwa wazi ili kila mtu amsikie mwenziwe. Hufunguliwa kwa Fatiha ya kuwarehemu waliotangulia. Kisha mmoja wetu hutoa mazungumzo ya nusu saa juu ya tawi moja la ukoo, au juu ya jambo lolote linalohusu nasaba. Baada yake huwa maswali, na maswali ndiyo yanayochukua muda, mpaka Magharibi inatukuta hatujamaliza. Kahawa na haluwa hutolewa katikati, maana wazee walisema zikitolewa mwisho watu huanza kutazama saa mapema.

Kazi ya kikao ni kuandika. Tuna daftari kubwa la jalada gumu, na kila jina linaloingia humo lazima litajwe na watu wawili wanaojua, au liwe na karatasi. Karatasi hutafutwa pahala pengi: hati za mashamba, vyeti vya ndoa, hati za wakfu, na Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani. Mwezi mmoja kijana wetu aliyekwenda Kilimani alitueleza namna ya kuomba ruhusa ya kusoma na namna ya kushika karatasi kongwe. Mwezi mwengine tulizungumza juu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi ya kibla chake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Maandishi yale yanamtaja Sheikh aliyeamrisha ujenzi, yakamtaja baba yake, na babu yake. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu yangu akauliza kwa sauti ndogo, “Na mama yake?” Tulicheka, lakini swali lile halikuondoka.

Halikuondoka kwa sababu shajara yetu wenyewe iko vivyo hivyo. Ilitufikia kutoka Maskati, kwa ndugu zetu waliohama baada ya Mapinduzi ya 1964, nakala ya mashine iliyounganishwa kwa gundi hata ikawa ndefu kuliko mkeka. Ina vizazi kumi na vinne. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka Oman ya zamani. Ukiisoma yote, kutoka juu mpaka chini, hukuti mwanamke hata mmoja. Ungedhani wanaume wale walizaana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa niwaulize wanafunzi wangu wa darasa la fiqhi: nasaba tunajifunza kwa ajili ya nini? Hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) inatuelekeza tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga jamaa zetu. Sheria nayo ina haja zake. Lazima tujue nani haturuhusiwi kumuoa, nani anarithi, na nani tunawajibika kumlisha. Bibi mzaa mama ana fungu lake la sudusi ikiwa mama hayupo. Dada wa mama ni haramu kwako kama dada wa baba. Karatasi ya wanaume watupu haiwezi kujibu masuala haya hata nusu yake. Inafaa kujifakharisha tu, na kujifakharisha kwa mababa Mtume (S.A.W.) amekuhesabu katika mambo ya ujahilia yanayobaki kwa umma wake.

Na si kwamba maulamaa wetu wa mwanzo hawakuwataja kina mama. Ibn Saad, katika Tabaqat yake, akimtaja sahaba humtaja na mama yake, na mara nyingi nasaba ya mama nayo. Mtume wetu (S.A.W.) tunaisoma nasaba yake kwa pande zote mbili, na kila mtoto wa chuo anajua kuwa Bibi Amina binti Wahab anakutana na mumewe kwa Kilab. Abdullahi bin Ummi Maktum, muadhini wa Mtume, anajulikana kwa mama yake mpaka leo. Mwanawe Sayyidna Ali aitwaye Muhammad bin al-Hanafiyya naye ameitwa kwa mama, bibi aliyetokana na kabila la Bani Hanifa, naye alikuwa mateka. Basi kuwaacha kina mama nje hatukukuchukua kwa wale.

Jambo la kwanza lililotuamsha lilikuwa posa. Kijana wa tawi la Bububu alimposa binti wa tawi la hapa mjini. Wote wawili ni watoto wazuri, wenye dini, na wazee wa pande zote walikuwa radhi. Katika shajara walikuwa mbali, hawana kizuizi. Habari ikatangazwa kikaoni ili watu waombe dua. Bibi mmoja, ambaye kwa kawaida huja, husikiliza na huondoka bila ya kusema neno, akaweka kikombe chake chini akasema watoto wale wamenyonya ziwa moja. Mama yake kijana aliugua baada ya kujifungua, akalazwa, na mama yake binti, ambaye wakati ule alikuwa na mtoto wake mkubwa kifuani, akamchukua yule mchanga na kumnyonyesha. “Mara ngapi?” akauliza ami. “Siku nne,” akajibu bibi, “usiku na mchana. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpakata.”

Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, kunyonya kunakoharimisha ni mara tano mbalimbali, mtoto akiwa hajatimia miaka miwili. Siku nne zimeshapita mara tano kwa mbali. Na kwa kuwa kijana amekuwa mtoto wa yule mama kwa ziwa, binti zake wote ni dada zake, hata huyu aliyezaliwa miaka mitatu baadaye. Mama yake binti aliulizwa, akalia, akasema kweli, alikuwa amesahau kwamba jambo lile lina hukumu. Walikwenda kwa Kadhi kuhakikisha, na posa ikavunjika kwa wema. Yule kijana siku hizi huingia nyumba ile kama mtoto wa nyumba.

Hebu fikirini lau bibi yule angekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Elimu hiyo haikuwa katika karatasi ya Maskati wala Kilimani wala kwa mzee yeyote wa ukumbini. Ilikuwa chumba cha pili. Tangu mwezi ule daftari letu lina safu mpya iliyoandikwa “ziwa”, nami nimekabidhiwa kuijaza. Nimeshazunguka Jang'ombe, Bububu mpaka Mkokotoni na kalamu yangu. Bibi zetu wanakumbuka nani alimnyonyesha nani vizuri zaidi kuliko wanavyokumbuka walichokula jana.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, na halikumalizika kwa kikao kimoja. Katika hati ya wakfu ya babu yetu mmoja wa kizazi cha sita kwenda juu, shamba limewekwa kwa ajili ya wanawe, na kwa ajili ya watumwa aliowaacha huru na vizazi vyao. Humo limetajwa jina la mwanamke aliyekuwa suria wake, mama wa watoto wake watatu, na mmoja wa watatu hao ndiye tunayetokana naye karibu nusu ya watu wanaokaa kikaoni. Sitaliandika jina lake hapa, maana kulitaja ni haki ya wajukuu zake kwanza. Nitasema tu kuwa ni jina la kiungo cha pilau, kama walivyokuwa wakipewa wengi wa hali yake, baada ya kuvuliwa majina waliyopewa na mama zao.

Wengine walitaka liandikwe. Mzee wetu mkubwa alikataa. Wala msimdhanie vibaya, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa na uzito. Alisema yeye amekulia zama ambazo mtu alikuwa akiulizwa asili yake kabla ya kuulizwa hali yake. Amesikia kwa masikio yake watoto wakitukanwa kwa mama wa bibi zao, na wasichana wakikosa waume. “Mnataka kumfukulia maiti,” alisema, “na watakaochafuka kwa mchanga ni mabinti zenu.” Chumba kizima kilinyamaza.

Nikaomba ruhusa kusema kutoka mlangoni. Nilisema kuwa Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail (A.S.), alikuwa mjakazi, na bila ya yeye hakuna nasaba ya Kikureshi. Bibi Maria wa Misri alimzalia Mtume (S.A.W.) mwanawe Ibrahim. Imam Ali Zaynul Abidin, ambaye masharifu wote wa upande wa Husein wanatokana naye, wanahistoria wamepokea kwamba mama yake alikuwa suria. Na tukija hapa kwetu Unguja, watoto wa Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki 1856, walizaliwa na masuria. Mama yake Sayyid Majid alitoka Cherkasi, mama yake Sayyid Barghash alikuwa Mhabeshi, na wote wawili walitawala. Sheria imempa mtoto wa suria uhuru na urithi sawa na nduguze. Basi aibu iko kwa nani? Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, amri ya kuondoa utumwa ikatoka 1897, na masuria wakangojea mpaka 1909 ndipo amri nyengine ikawaingiza. Mwanamke aliyengoja hivyo, akatuzaa, ndiye tunayemuonea haya?

Mzee hakunijibu. Alisema tutazungumza mwezi ujao. Mwezi uliofuata hakuja, alikuwa na homa. Mwezi wa tatu alikuja na fimbo yake, akakaa, akaagiza daftari. Akasema jina liandikwe, lakini neno “suria” lisiandikwe, pandikwe “mama wa watoto wake”. Baadhi ya vijana walinung'unika kuwa huko ni kuficha. Mimi niliona ni tafsiri sahihi kabisa ya ummu walad, jina ambalo fiqhi yenyewe imempa, na nikaliandika kwa mkono wangu kabla hajabadilisha rai yake. Mzee akaniambia, “Polepole, mwalimu, wino haukimbii.”

Likabaki suala la nakala. Ndugu wa Maskati walikuwa wakingojea shajara mpya, na kulikuwa na hofu ya namna watakavyoipokea, maana huko watu wanalinda sana majina ya makabila. Tuliipeleka na mtu aliyekuwa akisafiri, pamoja na barua fupi ya salamu. Miezi miwili ilipita hatukusikia kitu. Kisha siku moja, katikati ya kikao, simu ya ami ikalia. Alikuwa shangazi mmoja wa huko, mtu mzima sana, akataka kuzungumza na wanawake. Simu ikaletwa chumba cha pili.

Akasema mama yake aliondoka Unguja 1964 na vitu vichache, na kimojawapo ni karatasi ya majina ya maiti wanaosomewa khitma. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, wamekuwa wakiyasoma majina yale na kuyaombea. Jina la yule bibi limo, la saba kutoka juu. Miaka yote hiyo walikuwa wakimuombea wasijue ni nani, wakidhani labda alikuwa jirani. Na chini yake, akasema, kuna jina jengine limeandikwa kwa mkono ule ule, na pembeni pameandikwa “nduguye”. Akauliza kama sisi tunamjua.

Hatumjui. Jina lake tumeliandika kwa penseli, na kijana wetu ameomba tena ruhusa ya kwenda Kilimani.