Ampli ya Kufaa Sebule Ndogo

Chombo cha sauti huleta furaha nyumbani, lakini kikinunuliwa bila kufikiri huweza kula fedha za nyumba na kuwanyima majirani usingizi. Kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza jinsi sisi, mume na mke wa Lubumbashi, tulivyochagua ampli yenye redio ndani yake kwa ajili ya sebule yetu, ambayo urefu wake ni mita 4 na upana wake mita 3 na nusu.

Haja yetu haikuwa kucheza ngoma. Mama mzee, mzazi wa mume, anakaa nasi, na masikio yake yamechoka. Televisheni za siku hizi ni nyembamba; spika zake ni ndogo, na mara nyingi zimeelekea chini au ukutani, hata maneno hutoka hafifu. Mama alisikia sauti bila kuyashika maneno, na polepole akaanza kwenda kulala mapema, tukabaki kuzungumza bila yeye. Mzee asiyesikia habari hunyamaza, na nyumba hukosa shauri lake. Tena fedha zetu zilikuwa na mpaka: zile za shule ya watoto zilikuwa zimekwisha kuwekwa kando, na tulipatana kwamba hazitaguswa.

Dukani jambo la kwanza kuonyeshwa ni hesabu ya wati. Sanduku moja liliandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa. Lakini kibao kidogo cha nyuma kilisema kwamba chombo hicho chavuta umeme wa wati 60 tu. Basi, chawezaje kuendelea kutoa nguvu kupita ile kinayopokea? Debe tupu haliachi kuvuma. Tangu siku hiyo twasoma kwanza mgongo wa chombo, ndipo uso wake.

Yafaa kujua jinsi wati zinavyofanya kazi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na mazungumzo ya kawaida hufika desibeli 60 hivi. Spika nyingi za nyumbani, zikipewa wati 1, hutoa desibeli 85 au zaidi kidogo kwa mtu aliye umbali wa mita 1. Kumbe wati moja yatosha na kusaza kwa habari za jioni! Tena wati zikiongezwa mara mbili, kutoka 50 hadi 100, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ili masikio yaone kwamba sauti imekuwa mara mbili, zahitajiwa wati mara 10 hivi. Kwa hiyo ampli ya wati 30 za kweli kwa kila spika ni tajiri katika sebule ndogo.

Kisha tulijiuliza: spika ngapi? Ziko ampli za sinema, zenye spika tano na moja ya besi. Lakini fedha zilezile zikigawanywa kwa spika sita, kila moja hupata sehemu duni. Zikigawanywa kwa mbili, zote mbili zaweza kuwa nzuri. Tukachagua mbili.

Tulitazama pia matundu. Ampli rahisi za njia mbili, kama Yamaha R-S202 na Sony STR-DH190 iliyotoka mwaka 2018, zina redio ya FM na Bluetooth, lakini hazina tundu la waya wa mwanga ambalo televisheni nyingi mpya hulitumia. Mwenye televisheni aangalie kwanza kama yake ina tundu la kusikilizia kwa masikio, kwani hilo laweza kuunganishwa kwa waya wa kawaida. Bluetooth yafaa kwa nyimbo za simu. Kwa televisheni mara nyingine huchelewesha sauti, midomo ikatangulia na maneno yakafuata.

Umeme nao usisahauliwe. Kwetu Kongo ni volti 220. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka 120, na cha Japani 100. Kikichomekwa hapa bila transfoma, chaweza kuungua mara moja. Na kwa kuwa umeme hupanda na kushuka, tulitenga sehemu ya fedha kwa stabilizeta kabla ya kuulizia bei ya ampli. Pia hesabu ya omu ya spika isiwe chini ya ile iliyoandikwa nyuma ya ampli, isije ikapata moto kupita kiasi.

Mwishowe tulichukua ampli iliyokwisha kutumika Ulaya, pamoja na spika mbili za mbao. Kabla ya kulipa tulizungusha kitufe cha sauti polepole, tukisikiliza kama yakwaruza, tukajaribu spika ya kushoto na ya kulia, moja moja. Hatukumwomba mwuzaji apige muziki mkubwa. Tulitafuta Redio Okapi, ambayo tangu mwaka 2002 husomwa habari zake kwa Kiswahili pia, tukaipunguza sauti mpaka chini. Kila neno likasikika. Huo ndio mtihani.

Nyumbani tuliziweka spika mbali kidogo na ukuta, kwani pembeni besi huzidi na kufunika maneno. Tulizielekeza kwenye kiti cha mama, kimo cha masikio yake, tukafunga waya mwekundu penye wekundu na mweusi penye weusi. Mmoja ukigeuzwa, besi hupotea. Mkeka na pazia nzito vilipunguza mwangwi wa saruji. Sasa mama hungoja habari pamoja nasi, na mara nyingi yeye ndiye hutusahihisha majina ya vijiji.

Basi, ndugu wasomaji, mnapotaka kununua, pimeni kwanza chumba chenu, hesabuni fedha zinazobaki baada ya shule na chakula, na mwendeni dukani pamoja na yule ambaye masikio yake ni mazito kuliko ya wengine. Yeye akiyasikia maneno kwa sauti ndogo, nyumba nzima itasikia, na majirani watalala.