Kupunguza uzito wa pikipiki kuukuu (na habari ya sanduku la Baba)

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sababu ni mbili: kazini tulikuwa tunakimbizana na siku ya kukabidhi mradi, halafu mguu wangu wa kushoto ulikuwa na kidonda cha kuungua. Ya kazini tuyaache. Leo nataka kuwaeleza habari ya hicho kidonda, maana kimenifundisha jambo ambalo nilidhani nimelijua tangu mwaka wa pili chuoni.

Baba alifariki mwaka 2019 akaacha pikipiki aina ya Suzuki GS500. Kwa wasioijua, hii ni pikipiki ya barabarani iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Injini yake ni cc 487, silinda mbili, inapozwa na upepo tu, ina kabureta mbili na gia sita. Baba aliinunua mwaka 2003 kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaenda nayo kazini mpaka alipougua. Mimi niliifufua mwaka 2023: kabureta zikasafishwa, tairi mpya, breki, betri. Ikawaka. Siku hiyo Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni akisikiliza mlio, akarudi ndani bila kusema neno.

Tatizo likawa moja. Baba alikuwa na mwili. Mimi nina kilo 58 na urefu wenyewe ni wa kuomba. Barabarani ikishatembea, hakuna shida kabisa. Shida ni inaposimama.

Mara ya kwanza niliianguka nayo katika kituo cha mafuta Ngong Road. Nilikuwa nimejaza tangi, nikageuza usukani, ikalala. Mara ya pili ni katika maegesho yenye mteremko, nikiirudisha nyuma kwa miguu. Mara zote mbili gadi, yaani vile vyuma vya kukinga miguu ambavyo Baba alifunga ubavuni mwa injini, zilitangulia kugusa chini, nami nikatoka mzima. Aibu tu. Lakini Mama alipopata habari alisema maneno machache: "Iuze kabla haijakuua."

Sikutaka kuiuza. Nikamwambia nitaipunguza uzito. Mama akaniangalia kama mtu aliyesema atampunguza tembo.

Haya, hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo kazini namkataza kila kijana anayejiunga nasi. Sikupima. Nilichukua spana nikaenda kwa fundi mmoja Kariobangi, nikamwambia atoe gadi na ile stendi kubwa ya katikati. Ni vyuma vizito, ukivishika mkononi unasikia. Pamoja ni kilo 8.

Fundi ni mzee wa makamo, haongei sana. Aliniuliza, "Kijana, hizi gadi zimekukosea nini?"

"Ni nzito, mzee."

"Nzito kushinda hilo sanduku?"

Nikanyamaza. Akaendelea kufungua nati.

Sanduku alilokuwa anasema ni la chuma, liko nyuma ya kiti juu ya keria. Baba alilichomelea mwenyewe, akalipaka rangi ya kijani ya mlango wa nyumbani kwetu iliyobaki. Ndani kulikuwa na spana zake zote, pampu, waya, na kopo la majani ya chai lililojaa skrubu. Tangu afariki sikuwa nimetoa kitu humo hata kimoja.

Basi wiki tatu baadaye, Rongai, kando ya barabara penye matope baada ya mvua. Nilikuwa nimesimama kabisa. Mguu wa kushoto ukateleza, pikipiki ikanifuata. Safari hii hakukuwa na gadi ya kuizuia. Iliulalia mguu wangu, na chuma cha moto kikanigusa nyuma ya goti. Vijana wawili wa boda walikuja mbio wakaiinua. Mmoja akaniuliza, "Kaka, mbona umetoa gadi?" Sikuwa na jibu.

Nilipokuwa nyumbani na bandeji, nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzoni. Kama programu ni nzito, hatuanzi kufuta mistari ovyo. Tunapima kwanza tujue muda unaliwa wapi. Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza jambo ambalo mpaka leo wanafunzi wa kompyuta wanafundishwa kwa jina lake: ukiboresha sehemu moja ya kazi, faida yako ya jumla haiwezi kupita mchango wa sehemu hiyo katika kazi nzima. Kwa maneno ya mtaani, ukikata kitu kinachochangia asilimia mbili, hata ukikimaliza kabisa umepata asilimia mbili.

Nikaazima mizani ya kupimia watu kwa jirani, nikaongeza na yetu. Gurudumu la mbele juu ya moja, la nyuma juu ya nyingine, rafiki yangu akaishika isimame wima. Tukarudishia na vile vyuma vilivyotolewa, ili tupate hesabu ya mwanzo, tangi likiwa limejaa. Mbele kilo 97, nyuma kilo 117. Jumla 214! Pikipiki yenyewe ni kama 190. Kilo 24 zilizobaki ni vitu ambavyo Baba aliongeza.

Lakini kilo peke yake si kipimo sahihi, na hapa ndipo penye somo. Pikipiki haikuniangusha kwa sababu nilishindwa kuibeba. Hakuna anayebeba pikipiki. Iliniangusha kwa sababu ilipoanza kuinama nilishindwa kuizuia. Nguvu inayoipindua inatokana na vitu vitatu: uzito, urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini, na jinsi ilivyokwisha kuinama. Kwa hiyo kilo moja iliyo sentimita 100 juu ya ardhi inakusumbua mara tano ya kilo moja iliyo sentimita 20.

Nikachukua futi ya fundi, nikapima urefu wa kila kitu kutoka chini hadi katikati yake, nikazidisha kwa kilo. Matokeo ni haya:

- Sanduku na zana: kilo 13, sentimita 105. Jibu 1,365.
- Petroli, tangi la lita 17 likijaa: kilo 12.6, sentimita 85. Jibu 1,071.
- Keria: kilo 6, sentimita 88. Jibu 528.
- Betri: kilo 3.5, sentimita 65. Jibu 228.
- Gadi: kilo 5, sentimita 40. Jibu 200.
- Stendi kubwa: kilo 3, sentimita 18. Jibu 54.

Pikipiki nzima na vitu vyake vyote, kwa makadirio yangu, ni 12,350 hivi.

Sasa angalieni. Gadi na stendi kubwa, zile nilizokimbilia kuzitoa, jumla yake ni 254. Asilimia 2 tu! Nikaandika programu fupi ya mistari kumi na mitano inikadirie nguvu ninayohitaji kuweka kwenye usukani pikipiki ikiinama nyuzi 15. Kabla ya kutoa gadi na stendi: kama kilo 30.4. Baada ya kuzitoa: kilo 29.8. Yaani nilibadilishana kinga ya mguu wangu na nusu kilo na kidogo.

Sanduku na keria peke yake ni asilimia 15.

Nilikaa na hiyo karatasi muda mrefu. Ukweli ni kwamba fundi alikuwa ameniambia bila hesabu yoyote, na mimi nilikuwa nimemsikia. Nilianza na gadi kwa sababu gadi hazikuniuma moyoni. Nilitafuta uzito kila mahali isipokuwa pale nilipoogopa kuupata.

Jumamosi iliyofuata nikalifungua sanduku. Nikachagua zana ninazozihitaji kweli njiani, kilo moja na nusu, nikaziweka chini ya kiti. Nyingine nikazipanga kwenye rafu. Halafu nikatoa nati nne, sanduku likatoka. Mama alikuwa amesimama pale mlangoni tena. Nikadhani atalia, au nitalia mimi. Akasema, "Lete hapa. Miaka yote alikuwa ananiambia litakuwa langu akistaafu." Sasa liko barazani, limejaa udongo na sukuma wiki imeota ndani yake.

Kwa wenye pikipiki kuukuu wanaotaka kufanya hivi, mpangilio wangu wa mwisho ni huu:

1. Sanduku na keria nje. Mzigo nabeba mgongoni, na siku za mzigo mkubwa napanda matatu.

2. Tangi sijazi tena kwa safari za mjini. Nusu tangi ni kilo 6 pungufu, tena zote za juu. Haigharimu hata shilingi moja, na ndiyo njia ambayo watu wengi huisahau.

3. Betri ya zamani ya risasi na asidi nikaibadilisha kwa ya lithiamu yenye kilo 0.9. Angalizo: kabla ya kuinunua pima volti injini ikizunguka kwa kasi kiasi. Ikipita 14.6 hivi, regyuleta yako ni mbovu na itaiharibu betri hiyo, au kufanya mabaya zaidi. Rekebisha hilo kwanza.

4. Gadi zimerudi. Stendi kubwa imerudi pia, maana uzito wake uko chini kabisa na bila hiyo kurekebisha cheni ni mateso.

Jumla nimepunguza kilo 26.4. Sasa ni kilo 187 na kitu. Uzito umepungua kwa asilimia 12, lakini nguvu ya kuizuia isianguke imepungua kwa asilimia 20. Kwenye usukani, nyuzi 15, ni kilo 24 badala ya 30. Kwa mtu wa kilo 58 hiyo ni tofauti ya kusimama na kulala chini.

Jambo lingine ambalo hesabu ilinionyesha: ikiwa imeinama nyuzi 5 tu, nguvu inayohitajika ni theluthi moja ya ile ya nyuzi 15. Kwa hiyo kuishika mapema kunasaidia kuliko kuwa na misuli. Siku hizi kabla ya kusimama nanyoosha usukani kwanza, na naangalia mguu utakanyaga wapi. Hilo nalo ni bure.

Na vitu vya kutogusa: vioo, taa, honi na sailensa viacheni, sheria inavihitaji na nyinyi mnavihitaji. Msitoboe diski za breki wala kubadilisha bolti kubwa kwa nyepesi msizozijua. Madgadi ya mbele nayo, kabla ya kuitoa, angalieni kama chuma chake kinasaidia kushika shoki mbili pamoja. Kila chuma kwenye mashine kuukuu kiliwekwa na mtu kwa sababu fulani. Kabla ya kukitoa, jaribu kuijua sababu hiyo. Wakati mwingine imekwisha muda wake, kama sanduku. Wakati mwingine bado iko kazini, kama gadi.

Ni miezi minne sasa na haijaanguka. Jumapili iliyopita nilimwambia Mama apande nyuma nimpeleke kanisani. Akakataa. Lakini aliuliza kama kiti cha nyuma ni kile kile cha zamani. Nikamwambia ndiyo, sijakigusa.

"Vizuri," akasema, akaenda kumwagilia sukuma wiki yake.

Kama una pikipiki na mizani mbili, pima uniambie umepata ngapi mbele na ngapi nyuma. Ile programu ya mistari kumi na mitano nitamtumia yeyote atakayeitaka. Mpaka wakati mwingine, endesheni pole pole.